Mabakuli ya Viwanja Sitini

"Hamalizi wiki huyu," baba mdogo alisema siku niliporudi Ifakara na stashahada yangu ya lishe. Alikuwa ameketi kibarazani kwetu, anakunywa chai yetu. "Mwanaume mzima unapita nyumba za watu kuuliza wanawake jana walipika nini? Watakumwagia maji ya vyombo." Jirani akaongeza kwamba mimi mwenyewe sijui kupika hata uji usiwe na madonge. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya serikali, na niliipata kwa usaili, si kwa kujuana. Serikali hutaka kujua wananchi wanakula nini hasa, si wanalima nini. Bonde letu linajaza malori ya mchele, lakini lori la mchele halikwambii kama mtoto wa kijijini Sanje amepata mboga. Ndiyo maana tunatumwa sisi. Tunapima watoto uzito na urefu, tunawazungushia utepe mkononi, kisha tunaketi na mama na kumwomba akumbuke kila kilichoingia kinywani jana, tangu alipoamka mpaka alipolala.

Kwa kuhoji nina kipaji, sifichi. Wenzangu waliotoka mbali wakiambiwa "asubuhi sikula kitu," waliandika hakula kitu. Mimi niliuliza, "Hata pepeta?"

"Aa, pepeta kidogo tu. Na ndizi."

Kwetu pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, unautafuna huku ukisubiri chakula. Mtu wa huku hasemi amekula mpaka aone wali au ugali. Hilo sikufundishwa chuoni.

Kilichotaka kuniangusha ni bakuli. Ulikula wali kiasi gani, mama? Bakuli moja. Na mtoto? Bakuli moja. Tulikuwa na kitabu cha picha ili kila mtu aonyeshe bakuli linalofanana na lake, na kila mama alichagua lile zuri lenye maua. Katikati ya wiki msimamizi wetu, dada mmoja mkali asiyepandisha sauti, aliniita.

"Kaka, mtaa wako wote unakula bakuli moja. Mkulima bakuli moja, mtoto anayetambaa bakuli moja. Hii nitaipelekaje wizarani?"

"Ndivyo wanavyosema, bosi."

"Kesho kutwa asubuhi nataka vipimo. Ukishindwa, mtaa wako wa Viwanja Sitini nampa mwenzako."

Nilimwona baba mdogo akilini mwangu, kikombe mkononi, meno yote nje. Hapo hapo akili ikafunguka. Kama picha haifanani na bakuli, basi lije bakuli lenyewe. Mizani ya chakula ilikuwa moja kwa timu nzima na haikuruhusiwa kutoka ofisini, kwa hiyo nilifunga tenga kwenye baiskeli, nikarudi nyumba zote nilizohoji.

"Shikamoo, mama. Naomba kuazima bakuli ulilolia wali juzi. Lile lile, si la wageni. Na unionyeshe wali uliishia wapi, niweke alama ya chaki."

"Marahaba. Unalipeleka wapi?"

"Serikalini."

"Jamani, njooni!" aliwaita majirani. "Bakuli langu linakwenda serikalini! Likirudi na cheo litakubali tena kubeba mlenda?"

Walinipa, wote. Sijui ni nani mwingine katika timu ile angepewa. Nilibeba ya plastiki, ya bati yaliyochubuka, na vikombe vya uji vya watoto. Wala hayakuchanganyika, maana wanawake wa kwetu hutia alama ya rangi ya kucha kwenye kitako cha chombo, kisije kikapotelea msibani.

Nyumba ya baba mdogo nayo iliangukia kwenye orodha. Mama mdogo, mke wake, alikuwa amenijibu "bakuli moja" kama wengine. Sasa akaingia jikoni, akatoka na kibakuli cha bati kinachoenea kiganjani.

"Hiki ndicho changu, mwanangu. Wao wakimaliza sinia, mimi nakwangua ukoko, nakula humu nimesimama."

Baba mdogo alikohoa, akaangalia barabarani.

Jioni ile na kesho yake, pale ofisini, nilipakua wali mpaka kwenye alama za chaki, nikapima, nikapakua tena. Msimamizi alipofika alisoma vipimo mstari kwa mstari. Akina baba walikuwa juu, watoto katikati, na akina mama wengi chini kabisa, ingawa ndio waliopika. "Sasa naiona Viwanja Sitini," alisema. Alinibakishia mtaa wangu, akaniongezea na Kivukoni, kule mtoni.

Nikabaki na deni la vyombo, na kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Nilinunua perege Kivukoni, nikachuma kisamvu, nikashika mchi mwenyewe.

"Umeolewa lini?" baba mdogo aliuliza kutoka kibarazani. Nilitwanga kwa nguvu zaidi. Kisamvu kile nilikiunga kwa karanga, na hakikuwa na donge hata moja.

Nilizungusha tenga nyumba kwa nyumba. Mmoja alinusa, mwingine aliuliza kama natafuta mchumba. Yule wa mlenda alikagua kitako cha bakuli lake, akasema kweli limerudi na cheo.

Cha mwisho kilikuwa kibakuli cha mama mdogo. Nilikijaza mpaka ukingoni, nikakiweka ndani ya bakuli kubwa jipya, nalo nikalijaza. Alitazama vyote viwili. Kisha akatandika mkeka, akaketi, akanyoosha miguu, akaanza kula palepale, mchana kweupe.

Baba mdogo alisogeza kiti. "Na mimi je?"

Mama mdogo alisogeza bakuli upande wa pili wa magoti yake.

"Kwani wewe ulimwazima nini?"