Kito cha Zambarau

Sabina Machibya amekuwa sonara Pasiansi miaka ishirini na miwili, na hajawahi kuitwa mwizi. Wiki ile chakula kilikuwa hakimshuki kwa kuogopa kuitwa.

Immaculata, binti wa kuolewa Jumamosi, alimletea hereni za dhahabu za marehemu mama yake. Alitaka ziwe kito cha pete, tena cha zambarau, rangi aliyoipenda mama. Inawezekana: dhahabu ikiyeyushwa pamoja na alumini kwa kipimo chake hugeuka zambarau tupu. Ila ulaini wake wote hupotea. Haifuliki, haipindiki, ukiigonga inapasuka. Sabina alikisugua kito hicho siku nne, roho mkononi, ndipo akakipachika kwenye pete.

Ijumaa binti alifika na baba yake mdogo, Clavery, aliyenunua dhahabu za wachimbaji kule Geita nusu ya maisha yake. Sabina alipomwona tu, akawahi kumsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dhahabu gani hii ya rangi ya bilinganya?"

Sabina akaeleza. Mzee alisikia akapuuza, maana watu wa machimbo hawafundishwi dhahabu na mtu wa dukani. Akakibandua kito kwa ncha ya kisu, akakiweka juu ya fuawe, akachukua nyundo.

"Mzee wangu, usigonge!"

Hapo ndipo alipojiponza. Machimboni anayezuia nyundo ndiye mwenye jiwe la uongo, kwani dhahabu ya kweli hutandazika na ya bandia hupasuka. Clavery akagonga. Kito kikapasuka vipande vipande.

"Mwizi," akasema, wala hakupaza sauti. Immaculata akaanza kulia.

Sabina alizoa vipande vyote, hata vumbi lake kwa brashi, akaviyeyusha na dawa ya unga inayokula alumini na kuiacha dhahabu. Je, kama dawa haitoshi? Mwishowe ndani ya chungu cha kuyeyushia likabaki tone moja la dhahabu, la njano. Likapoa. Akampa mzee nyundo.

"Gonga."

Clavery akagonga. Likatandazika. Akagonga tena, likazidi kuwa jembamba. Akaiweka nyundo chini taratibu.

"Nisamehe, fundi."

"Mimi nimeshakusamehe," Sabina alisema. Akamtazama Immaculata, aliyeishika pete yenye tundu tupu. "Muombe msamaha mwanao. Harusi ni kesho, na kito kile kinataka siku nne."