Tulivyojibu Shairi la Sabuni

Kitabu kililetwa na shoga yake mama, na kilifika kikiwa tayari kimekunjwa pembe kwenye ukurasa mmoja. Hakukaa hata kunywa chai. Alikiweka kitandani uani, akasema, "Someni wenyewe, mimi simo," akajitanda kanga yake akaondoka. Kwetu Ngamiani mtu akisema simo, ujue yumo mpaka shingoni.

Nakiita kitabu kwa heshima. Zilikuwa karatasi zilizotolewa kwenye mashine ya kurudufu, wino umetapakaa, nyingine nyuma yake zina fomu za ofisi zilizoharibika, zote zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Karatasi ilikuwa adimu miaka ile kama kila kitu kingine. Mtunzi alikuwa msichana wa Kipemba, mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda kimoja, amepanga chumba mtaa wa Usagara. Mashairi yake aliyapitisha mwenyewe mlango kwa mlango, kikapu mkononi, kama muuza maandazi. Mama alimjua kwa sura tu.

Mama alisoma Kurani vizuri, na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za shule zilimchosha macho. Kwa hiyo nilisoma mimi, msichana wa sekondari, na nilisoma kwa uvivu. Shairi kwangu lilikuwa somo la kuhesabu mizani kwa vidole huku mwalimu akigonga meza kwa rula. Nikafika kwenye ukurasa uliokunjwa:

Mwanangu, keti bafuni, nikuogeshe kwa maji,
Na majani mkononi, ya mpapai wa mji,
Harufu toka jirani, ya sabuni, siihoji,
Vuta, mwana, hadi ndani, harufu si ya mtaji.

Mama akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyu katusema sisi."

Lazima nieleze kwa nini alidhani hivyo. Baba alikuwa na duka. Mbele rafu zilikuwa tupu kama za kila mtu, vumbi na chumvi ya mawe. Lakini katika chumba nilicholala mimi kulikuwa na maboksi ya sabuni ya miche yamepangwa hadi karibu na dari, yamefunikwa mkeka, nayo yaliuzwa kwa mlango wa uani kwa watu wanaojulikana. Msako wa walanguzi ulikuwa umepita, baba akanusurika, sijui kwa dua ya nani. Mtaa mzima ukifulia majani ya mpapai, mimi nilikwenda shule nywele na sare zinanukia. Tena niliringa nayo, harufu ile. Leo nikikumbuka nilivyokuwa napita makusudi karibu na wenzangu, uso unaniwaka.

Mama alilelewa katika ngoma za wanawake, na katika ngoma ukiimbwa usipojibu umekubali. Na jibu halitoki ovyo: hufuata vina vilevile vya aliyekuchokoza, ili watu waone umemshika shati. Baba hakuambiwa. "Utaandika wewe," mama aliniambia. "Hiyo shule tunakusomesha ya nini?" Harusi ya jirani ilikuwa karibu, na shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa na sauti. Yeye ataimba.

Ndiyo nikaanza kutafuta vina vya ni na ji. Nilikwenda na kile kitabu kila mahali, chooni, jikoni, njiani kwenda shule. Ili nipate pa kumpiga, ilinibidi nilijue shairi lake lote kwa moyo, na nikawa naliimba kwa mahadhi ya shangazi huku nakosha vyombo. Nililitafuta tusi ndani yake, sikuliona. Mwanamke yule hakuwa analalamika. Alikuwa anampa mtoto wake kitu pekee kilichokuwa cha bure. Nililielewa hilo siku moja nikiwa bafuni, nimejaa povu, na nikalia pale pale, nikajimwagia maji haraka wasinisikie.

Baada ya hapo nikasoma na mengine. Lilikuwepo la mashine ya chapa iliyokosa herufi moja, na la mtu aliyejipanga foleni bila kujua mbele kinauzwa nini. Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba shairi linaweza kuingia kwenye foleni. Nilitamani kwenda Usagara nimgongee mlango yule dada, nimwambie sijui nini. Badala yake nilikuwa nakaa juu ya boksi la sabuni namtungia matusi, na yalikuwa yanakuja vizuri, na nilifurahi yalivyokuwa yanakuja. Sikujua niipeleke wapi aibu ya kumpenda mtu ninayetumwa kumchafua.

Siku ya harusi wanawake walijaa uani. Mtunzi naye alikuwepo, amekaa ukutani upande wa ndugu wa bibi harusi. Shangazi akasimama, akajifunga kibwebwe, akaimba:

Umekaa dirishani, wahesabu yetu maji,
Sabuni yetu ya ndani, haihusu wanamji.

Kisha mke wa mjumbe wa nyumba kumi akauliza kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani, "Kumbe ipo?"

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Hapo ndipo nilipoelewa, na mama akaelewa, kwamba wengi pale hawakuwa wamemfikiria mtu yeyote waliposoma lile shairi. Kila mmoja aliona uchovu wake mwenyewe. Ni sisi tuliosimama kadamnasi na kusema ni letu. Shangazi, ambaye akishaanza kuimba haoni wala hasikii, akaendelea mpaka ubeti wa mwisho. Niliomba ardhi ipasuke. Mtunzi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

Asubuhi yake wanawake walikuja kwenye mlango wa uani, na adabu zao zote. "Hodi, jamani. Tumekuja kwa ile ya ndani." Mtu uliyemwimbia kwamba ipo huwezi kumwambia hakuna. Baba aliwauzia wote kwa bei ya serikali, mke wa mjumbe akiwa wa kwanza, mpaka mkeka ukabaki hauna cha kufunika. Jioni akasema, "Kumbe nyumba hii ina redio yake na mimi sina habari," na kwa muda mrefu hakumwambia mama neno jingine ila la chakula.

Mama aliacha kwenda harusini. Yeye aliyekuwa anapelekewa mwaliko kabla ya ndugu wa damu, akawa anatuma zawadi kwa mkono wa watu. Watoto wa mtaani waliruka kamba kwa wimbo wa "sabuni yetu ya ndani." Mimi ndiye niliyewatungia, na ulirukika vizuri.

Kisha ikaja ruhusa ya biashara. Bidhaa zikaingia kutoka nje, sabuni za kila rangi zikapangwa mezani barabarani hadi tukachoka kuziona. Ungedhani na wimbo ungepitwa na wakati. Watoto hawakujua tena maana yake, lakini waliendelea kuruka.

Wakati huo ndipo mtunzi alipokuja nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele, mimi namsaidia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita," alisema mama, akauvuta ungo pajani kumpisha.

Alikaa kwenye mkeka. Akasema amepata mtu wa kumchapia kitabu chake upya, kwa mashine ya kweli, na angependa shairi lile litoke pamoja na jibu lake, kama ilivyo desturi. Alikuwa amekuja kuomba ruhusa.

Mama akasema polepole, "Ulitusema, tukajibu. Yamekwisha."

"Sikuwasema nyie, mama. Yule mwenye mtoto ni mamangu mdogo. Alikuwa amepanga chumba cha pili, Usagara."

"Na jirani?"

"Jirani mimi. Kazini tulikuwa tunapewa mgao wa sabuni. Niliificha." Alisema hivyo bila kuangalia pembeni. "Mwenyewe hajaniuliza mpaka leo."

Mama akauweka ungo chini. Nilimwona mtu aliyechukua aibu yake akaipanga beti kwa beti na kuishona kwa uzi wa gunia ili kila mtu aisome, na sisi yetu tulikuwa tumeipigia tarumbeta.

"Nani aliyetunga jibu?" akauliza mgeni.

Mdomo wangu ulishafunguka. Sikuwahi kutaka kitu katika maisha yangu kama nilivyotaka yule dada ajue ni mimi.

"Mimi," akasema mama. "Hawa watoto hawajui kutunga."

Mgeni akamtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwa mama. "Kuna mahali pale mwishoni, mama. *Mlete mwana nyumbani, nami nimtie maji.* Katikati ya matusi yote yale. Nikasema, huyu aliyenijibu amelipenda shairi langu."

"Nililipenda," mama akasema. "Nililipenda sana." Na alikuwa ananiangalia mimi.

Ruhusa ikatolewa. Mgeni alipoondoka nilimgeukia mama kwa hasira, machozi yananitoka, nikamuuliza kwa nini ameniibia. Aliuchukua ungo wake.

"Wewe bado hujaolewa," alisema. "Mimi aibu nimeshaizoea."

Kitabu kilipotoka, chini ya beti zangu paliandikwa kwamba jibu ni la mama mmoja wa Ngamiani. Mama aliniomba nimsomee hapo, nikamwambia nina kazi za shule.