Nilipeleka dodoso la PhD Kasulu, wachambua maharage wote wakanipa tano

Habari za mihangaiko wakuu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijasimuliwa, na pale nilipoaibika sitaficha.

Mimi ni Muha wa Kitahana, Kibondo. Nasomea PhD ya saikolojia ya kazi, ile inayochunguza kwa nini mtu anaipenda kazi yake au anaichoka. Nyumbani ukiwaeleza hivyo wanauliza, sasa utatibu nini? Nimeshazoea.

Msimamizi wangu chuoni alikuwa ameniambia wazi: ukirudi bila data ya maana, jina lako linatoka. Nilishaongezewa muda mara mbili.

Nikaenda Kasulu, kwenye ghala moja la kuchambua maharage. Wafanyakazi kama arobaini, wengi akina mama. Nikagawa dodoso. Kila sentensi unazungushia namba, moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali sana.

Kesho yake nakusanya, nafungulia gesti.

Tano. Tano. Tano. Karatasi zote.

"Naipenda kazi yangu", tano. "Nataka kuacha kazi hii", tano. Yaani mtu yule yule.

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima na ndevu zangu.

Asubuhi nikarudi ghalani kumuuliza Mama Yolanda. Huyu ndiye mkubwa wao, familia yake ilitoka Burundi zamani, sasa ni raia. Akanitazama kwa huruma.

"Mwana wanje, mwanangu, tulisikia huo ndio mtihani wako wa mwisho. Tukakaa kikao, tukasema mtoto wa kwetu hawezi kufelia mikononi mwetu. Kuna mmoja alikupa mbili, tukamrudishia karatasi asahihishe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mkeka. Na kwa kuwa nimeshakaa, nikavuta ungo nikaanza kuchambua nao. Nilikuwa mzito balaa, wakanisema daktari gani huyu anaacha mawe.

Hapo ndipo wakafunguka. Nikaomba kurekodi, wakakubali. Nikachambua nao wiki tatu.

Waliongelea migongo, vumbi, mengi tu. Ila kila siku lilirudi hili: meneja anawaita kwa namba za nyungo zao.

"Miaka sita mimi ni Kumi na Nne," alisema Mama Yolanda. "Nikifa, yule atatangaza Kumi na Nne hajaja kazini."

Walicheka wote. Mimi sikuweza.

Nikamwandikia msimamizi ukweli wote, nikijua nimekwisha. Akanipigia simu huku anacheka. Akasema dodoso weka pembeni, utafiti ni hayo mazungumzo.

Mwezi uliopita nimetetea tasnifu, nimepita. Nina furaha hadi naongea peke yangu barabarani.

Na lile ghala ndilo limenipa kazi ya kwanza, kuwanoa mameneja. Yule meneja si mtu mbaya, hakuna aliyewahi kumfundisha. Nikamtaka aanze kila siku akiwa amekaa mkekani na wachambuaji.

Siku ya kwanza akasema, "Mama Yolanda, umeamkaje?"

Mama akaweka ungo chini. Akamjibu kwa Kiha, salamu nzima, na habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Meneja hajui Kiha, lakini alikaa hadi mwisho.

Nilichojifunza: kaa na mtu kwanza, karatasi baadaye.

Haya, nanyi semeni. Bosi wako anajua unaitwa nani?