Plasta ya Mama Njoki

Siku ya kwanza niliyovaa nguo nyeupe za dresa, katika hospitali ya Waafrika pale Nakuru, nilitukanwa kabla ya saa nne asubuhi. Dresa, kwa ninyi vijana, ndiye aliyeosha vidonda, akafunga bandeji na kumshika mgonjwa huku daktari akifanya kazi. Nilikuwa nimemfunga mguu mzee mmoja kutoka shamba la pareto huko Molo. Sista Mkuu, mama wa Kizungu, akaivuta ile bandeji na kuitupa sakafuni.

"Mjinga! Kichwa yako imejaa uji?"

Wodi nzima ikasikia. Kosa langu lilikuwa nini, hakusema.

Yule mzee alikuwa rika la baba yangu. Kwetu, mwanamume aliyetahiriwa hakemewi mbele ya watu. Akikosea huitwa kando. Mzee akavuta mguu wake. "Enda, kijana. Niletee mtu mwingine."

Nilidhani Dresa Mkuu, aliyekuwa mtu wetu, angenifundisha. Wapi! Nikikosea, alingoja niondoke, akaifungua bandeji na kuifunga upya kimyakimya. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Nikarudia kosa lile lile miezi na miezi nikidhani nafanya vizuri. Mmoja alinitukana, mwingine akanistahi, na hakuna aliyenifundisha kitu.

Ndipo akaletwa Mama Njoki, kibarua wa shamba moja la Njoro, aliyeanguka kutoka kwa trela akavunjika mkono wa kulia. Daktari akaufunga plasta, ile chokaa inayokauka ikashika mfupa. Kesho yake asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, ni baridi, vimeanza kugeuka rangi.

"Mwanangu, mkono unaungua huku ndani," akaniambia.

Hata mimi niliona plasta imebana, damu haipiti. Nikamwita Dresa Mkuu. Akatazama, akanivuta kando.

"Nimeona. Lakini aliyeifunga ni Daktari. Mtoto haonyeshi baba yake njia."

Nikaenda kwa Daktari mwenyewe. Hata hakuinua macho kutoka kwa karatasi zake.

"Wewe dresa ya juzi, nani amekuuliza?"

Siku ya tatu wakamkata mkono, juu ya kiwiko. Mimi ndiye niliyeushika wakiukata.

Mkasi mkubwa wa kukatia plasta ulikuwa kabatini, hatua kumi kutoka kitandani pake. Ningeichana mwenyewe, wanifukuze kazi. Sikuthubutu. Msidhani Sista, Dresa Mkuu na Daktari tu ndio ninaowakasirikia.

Nilihamishiwa zahanati ndogo ya Naivasha, kwa kosa la kiburi, eti nilimfundisha Daktari kazi. Msimamizi wake, Mwafrika mtu mzima, alinitazama nikifanya kazi asubuhi nzima. Wagonjwa walipokwisha, akafunga mlango.

"Hapa umekosea. Bandeji ya mguu unaanzia chini kwa vidole, unapanda. Ukianzia juu, mguu utavimba. Sasa niambie, mimi umeniona nikikosea wapi leo?"

Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza hivyo. Basi siku hiyo, nikiwa na mwaka mzima kazini, ndipo nilipojifunza kufunga bandeji.

Nilistaafu nikiwa mwalimu wa matabibu. Kwenye sherehe ya kuniaga, mkubwa mmoja alitusifu sisi wazee: enzi zetu kulikuwa na nidhamu, mwanafunzi hakumjibu daktari. Wanafunzi wangu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Mheshimiwa, umekosea."

Najua mtu mzima huitwa kando. Lakini uongo ule aliusema mbele ya watoto niliowafundisha, na kesho yake wangeingia wodini nao. Nikawaeleza habari za Mama Njoki kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuficha langu. Kisha nikasema, "Ile haikuwa nidhamu. Ulikuwa woga, na mgonjwa ndiye aliyeumia."

Chai ikapoa vikombeni. Kazi nimestaafu, hasira bado.