Sekunde Kumi na Nne za Bi Wakui

Jumatatu saa tisa alasiri, Wakui Mitsue alikuwa akivua aproni katika jiko la shule anakofanya kazi, simu yake ilipotetemeka mara tatu mfululizo. Chakula cha watoto mia sita kilikuwa kimeshapikwa na kuliwa, masufuria yameshasuguliwa, na hakuwa na hamu ya kitu kingine chochote ila kuketi. Akafungua simu. Alichokiona kilimfanya aketi kweli, kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja ndani ya buti na mwingine nje.

Ilikuwa video ya sekunde kumi na nne. Mtu mmoja aliyefunga kamera kwenye kofia yake alikuwa akimfyatulia risasi za plastiki mwanamke mnene aliyejificha nyuma ya rundo la matairi. Risasi tisa zilimwendea, na mwanamke wala hakushtuka. Aliinuka, akakimbilia nyuma ya mti, akaendelea kucheza. Chini kulikuwa na maneno: "Zombi la Kuromori. Risasi tisa, halifi." Mwanamke yule alikuwa yeye.

Katika mchezo huu wa vita vya porini hakuna refa wa kukuhesabia. Kijirisasi cha plastiki hakiachi rangi wala alama. Ukipigwa, iwe mwilini, kwenye kofia au kwenye begi lako, ni wewe mwenyewe wa kupaza sauti, "Nimepigwa!", uinue mkono, utoke uwanjani. Anayepigwa akanyamaza huitwa zombi, kwa kuwa amekufa na bado anatembea. Wasiocheza hucheka wakisikia haya. Wacheke. Kwa waliozoea kuvuka nusu ya mkoa wa Chiba, huku Japani, kila Jumapili ya pili kwenda kulala kifudifudi kwenye matope, hakuna tusi linalolizidi hilo.

Naye Bi Wakui alikuwa amezoea kwa miaka kumi na miwili. Alianza akiwa na arobaini na sita, siku alipopeleka gari kubadilishwa matairi kule Mobara, akaambiwa asubiri saa moja, akaingia duka la jirani kukwepa jua. Lilikuwa duka la bunduki za kuchezea. Alitoka na moja, nzito na nyeusi, na mumewe Teruo akadhani amechanganyikiwa. "Wenzako wananunua mashine ya kukandia unga," alimwambia. Yeye akajibu kwamba kazini anakanda vya kutosha.

Alikuwa na mkono wa kazi. Kila baada ya mchezo alitandaza gazeti mezani, akapitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu mpaka kitoke cheupe, akapangusa giaboksi, kisanduku cha gia za ndani, akatia tone moja la grisi pale tu panapostahili. Wenzake walimletea bunduki zao zilizokoroma au kukwama, naye alizitengeneza huku akiwagombeza. "Bunduki si samaki wa kukaanga," alikuwa akisema. "Nani kakwambia uimwagie mafuta hivi?" Akifika uwanjani, hakuhitaji kuambiwa atoe magazini, yaani kikasha cha risasi, afunike mdomo wa bunduki na kupanga foleni kwenye mashine ya kupimia kasi ya risasi. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine.

Basi mtu kama huyo kuitwa zombi, mbele ya watazamaji elfu arobaini wasiomjua! Aliyasoma maoni yote pale pale juu ya ndoo. "Ajuza kavaa fulana ya chuma." "Mfungieni." "Bibi, nenda kalee wajukuu." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa aproni kwa hasira, kisha akavaa buti la pili na kwenda nyumbani.

Aliyeweka video aliitwa Sakisaka, dereva wa gari la kupeleka mizigo, mwenye miaka thelathini na mmoja na miezi mitano tu mchezoni. Alikuwa amekosea adabu, hilo halina ubishi. Ukimshuku mtu hajakiri, humfuati yeye wala humtangazi mtandaoni. Unamwendea msimamizi, naye hulizungumza kimya kimya. Sakisaka hakumwendea yeyote. Hata hivyo Jumatano Bwana Ebisawa, mwenye uwanja wa Kuromori, alimpigia simu Bi Wakui, sauti imelegea.

"Bi Wakui, mimi nakujua. Lakini watu wananipigia simu mpaka usiku. Hebu pumzika, wiki mbili tatu hivi."

"Nipumzike kwa kosa gani?"

"Sijasema una kosa. Nasema upumzike tu."

"Bwana Ebisawa, nikikaa nyumbani sasa, nitakuwa nimekiri."

"Naomba, dada."

Alikata simu na kuapa kwamba atalisafisha jina lake hata kama itachukua mwaka.

Kumbe haikuchukua hata siku mbili. Onuki, dereva wa teksi aliyekuwa kiongozi wa timu yao, alikuja na simu mkononi akitweta kana kwamba ameisukuma hiyo teksi.

"Dada, tumempata! Tazama risasi zake zinavyokwenda. Zikifika hapa, puu, zinaanguka!"

Bi Wakui akavaa miwani, akatazama. Ndani ya mtutu mna kimpira kidogo kinachoikwaruza risasi na kuipa mzunguko, ndio maana inaruka mbali bila kushuka. Kimpira kikilowa mafuta, risasi inateleza, na badala ya kuruka mita arobaini inaangukia ishirini na tano. Ni kosa la wageni wenye mapenzi: mtu anaipenda bunduki yake mpya, anaipulizia mafuta ya silikoni kila jioni. Risasi za Sakisaka zilikuwa zikichovya chini moja baada ya nyingine, mbele ya matairi.

"Huyu kaiogesha kabisa silikoni," Bi Wakui alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka.

Onuki aliandika yote hayo mtandaoni, na michoro akaweka. Kibao kikageuka siku ile ile. Waliomtukana Bi Wakui sasa walimtukana Sakisaka. "Muuza chipsi, mafuta yanachuruzika." "Ajifunze kufuta mtutu kabla ya kufuta heshima ya watu." Mmoja akatafuta picha ya gari lake la mizigo, akaiweka na namba yake. Bi Wakui alisoma akifurahi, tena alifurahi sana, asingekana. Ijumaa Bwana Ebisawa akapiga tena, sauti imenyooka: Jumapili aje, wote wanamsubiri. Sakisaka ameitwa aje kuomba radhi mbele ya watu, halafu atafungiwa uwanja asirudi tena.

Mambo yangeishia hapo, kama Bi Wakui angekuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Lakini alihesabu risasi akapata zilizoanguka ni nane. Sakisaka alikuwa ameandika tisa.

Jumamosi asubuhi aliiunganisha simu na televisheni kubwa ya Teruo, ile aliyoinunua kwa ajili ya mbio za farasi. Teruo hakujua lolote la bunduki, ila miaka thelathini ya kubishana pua ya farasi gani imetangulia ilikuwa imempa macho ya ajabu. Alikaa na kikombe cha chai, akasogeza picha moja moja.

"Rudisha," akasema. "Rudisha tena. Hapo! Hicho kilichotikisika kiunoni kwako ni nini?"

"Wapi?"

"Kifuniko cha mfuko. Kushoto."

Risasi ya tisa ilikuwa haikushuka. Labda kimpira kilikamata mara hiyo moja, labda upepo. Ilipita juu ya matairi, na kifuniko cha mfuko wa magazini kwenye mkanda wake kikaruka kidogo kama kope ya jicho, kikatulia.

Bi Wakui aliizima televisheni. Kisha akaenda kuleta mkanda wake. Ndani ya mfuko ule huweka taulo la kufutia jasho, limekunjwa mara nne.

"Njoo nyuma ya nyumba," alimwambia mumewe. "Na hii bunduki."

"Mimi?"

"Vaa miwani ya kinga kwanza. Utanipiga kwenye huu mfuko mara kumi, pole pole. Mimi nitafumba macho. Kila nikisikia, nitasema."

"Mitsue, majirani wakituona watamwita askari."

"Teruo, piga!"

Akapiga. Risasi zilidunda na kuangukia kwenye vitunguu vyake vya majani. Bi Wakui, na miwani yake usoni na macho yamefumbwa, alisema "Nimepigwa" mara tatu.

"Zilikuwa ngapi zilizogonga?"

"Zote," Teruo akasema kwa sauti ya chini. "Zote kumi."

Walitoa taulo, wakarudia. Safari hii alizisikia zote kumi.

Jioni ile hakula sawasawa. Teruo alimtazama akizungusha vijiti kwenye bakuli, akashindwa kuvumilia.

"Hukujua. Asiyejua hakosi. Na hakuna mwingine atakayekiona kile kifuniko, mimi mwenyewe nilirudisha mara nne."

"Ulikiona."

"Mimi mumeo! Nitamwambia nani? Kesho watakupigia makofi, nenda ukapigiwe."

"Na yule kijana afungiwe?"

"Yule alikutukana mbele ya nchi nzima."

"Alinitukana, ndiyo. Na alinipiga pia."

Alijua vizuri kinachomsubiri. Wale elfu arobaini wangerudi na midomo ile ile. Onuki, aliyekesha akichora michoro, angeonekana mjinga. Na kila atakapoingia Kuromori baada ya hapo, kuna mtu angenong'ona. Aliwaza hayo yote, akaogopa kweli kweli, kisha akapiga moyo konde na kwenda kulala mapema.

Jumapili watu sitini walisimama kwenye changarawe mbele ya meza ya Bwana Ebisawa, bunduki zikitazama chini. Sakisaka alikuwa pembeni, mwembamba, hajalala. Kwanza Bwana Ebisawa alisoma sheria, kama kila asubuhi. Kisha akamwashiria. Sakisaka akainama mpaka kichwa kikafika karibu na magoti.

"Bi Wakui, nimekuvunjia heshima. Bunduki yangu ilikuwa mbovu na mimi sikujua. Sistahili kurudi hapa. Nisamehe, mama."

Watu wakamgeukia Bi Wakui wakingoja aitikie, wapige makofi, waanze mchezo. Onuki alikuwa tayari ameinua viganja.

Bi Wakui akainua mkono wa kulia juu kabisa.

"Nimepigwa!" akapaza sauti.

Hakuna aliyeelewa. Mtu mmoja akacheka.

"Jumapili ya wiki mbili zilizopita, nyuma ya matairi. Risasi nane zilianguka, ya tisa ilinipata kwenye mfuko. Mle ndani nilikuwa na taulo, sikuisikia, ila kutosikia si kutopigwa. Nilitoka pale nikaendelea kucheza, na kabla ya mchezo kwisha niliwatoa watu wawili ambao sikuwa na haki ya kuwatoa. Waliokuwa upande ule, mnisamehe."

"Dada, unafanya nini?" Onuki alinong'ona kwa nguvu. "Umeshashinda!"

"Ndio nasema sikushinda."

"Umeniweka wapi mimi? Nimebishana na nchi nzima kwa ajili yako!"

"Najua, Onuki. Nami nilikuwa nafurahi ukibishana." Akamgeukia Sakisaka, ambaye sasa alikuwa amesimama wima, mdomo wazi. "Na wewe usidhani umepona. Ungemwendea msimamizi siku ile ile, ningeangalia mfuko wangu pale pale, yakaisha. Badala yake ukaniweka kwenye simu za watu. Hilo ni kosa na litabaki kosa."

"Ndiyo, mama."

"Video uiondoe leo. Mtutu uufute kwa kitambaa kikavu, hicho kimpira usikiguse na mafuta tena maishani. Bwana Ebisawa, huyu asifungiwe. Mtu hafungiwi kwa kumpiga mwenzake. Mimi leo sichezi mchezo wa kwanza, kwa sababu nimeshatoka."

Bwana Ebisawa alikuna shingo, akatazama karatasi yake ya sheria, akasema shingo upande kwamba basi na iwe hivyo. Hakukuwa na makofi. Watu walifunga miwani na kuelekea msituni makundi makundi, wengine wakimpita Bi Wakui bila kumtazama. Onuki alipita akiwa wa mwisho, naye akatazama pembeni.

Bi Wakui akainua mdomo wa bunduki juu, mkono mwingine kichwani, kama atokavyo mtu aliyepigwa, akavuka uwanja mtupu hadi kwenye benchi la waliotoka. Akakaa peke yake. Akafunika mdomo wa bunduki, akailaza miguuni. King'ora kikalia na mchezo ukaanza.

Kwa dakika moja nzima alisikia mirindimo ya mota za bunduki tu na risasi zikipasua majani. Kisha sauti ikapaa kutoka ndani ya miti, kubwa, ya hasira.

"Nimepigwa!"

Alikuwa Onuki. Alitokea kwenye mianzi mkono juu, akaja akiburuza buti, akajitupa mwisho wa benchi bila kumtazama. Akasema akielekeza uso wake msituni:

"Kwenye begi. Wala sikuisikia vizuri."