Nilikataa kusubiri kompyuta mpya, na kanga zangu zikawahi Idi

Wakuu, kila wiki humu lazima mtu aulize: ninunue mashine sasa au nisubiri toleo jipya? Leo nawajibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, na sijaongeza chumvi.

Miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, Kariakoo kila siku kontena linashushwa. Mimi nilikuwa mchoraji wa kanga, nachora kwa mkono kwenye meza ya kulia chakula, nyumbani Ilala.

Bwana Awadhi, muuza kanga wa jumla, akaniambia kiwanda sasa kinataka michoro ya kompyuta, kila rangi na karatasi yake. Nikimpa pindo na mji mapema, kanga zinawahi Idi. Nikichelewa, kazi anampa mtu mwingine na mimi nisirudi tena dukani kwake.

(Kwa msiovaa kanga: pindo ni ile pembeni, mji ni katikati.)

Akiba nilikuwa nayo. Tatizo kaka yangu Hashimu, mjuzi wa kila kitu. Alikuwa anasoma majarida ya kompyuta ya mtumba, basi akanikatalia katakata. Eti mashine kubwa mpya ya kuchorea inakuja mwezi ujao, nikinunua hii iliyopo madukani nitachekwa.

Mwezi ujao ukafika, ukawa mwezi ujao mwingine. Nikasubiri kama mjinga, na hilo bado linaniuma.

Mwisho nikaenda mjini kwa Jayesh, muuza kompyuta. Nikamuuliza, hivi hizi mashine kubwa hubadilishwa lini hasa?

Hakunificha. Akasema mwenye kutengeneza prosesa, ule ubongo wa mashine, akichelewa huko kwao, wote wanachelewa. Na hata prosesa ikiwa tayari, kiwanda kinaanza na zile ndogo za maofisini, maana kubwa zina wanunuzi wachache, hakuna haraka nao. Bado meli, bado bandari.

"Halafu dada, hii kubwa niliyonayo hapa haijanunuliwa," akasema. "Siagizi mpya mpaka hii iondoke."

"Kwa hiyo nasubiri mtu mwingine anunue ya zamani ndiyo mpya ije?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi huyo mtu ni mimi. Nifungie."

Hashimu alininunia siku tatu. Mpya ilipofika dukani kwa Jayesh, akaja kunicheka mbele ya majirani. Nilimwambia imefika kwa sababu mimi niliondoa ya zamani, nikarudi ndani. Michoro yangu ilikuwa imeshaenda kiwandani.

Asubuhi ya Idi wifi yangu, mke wa Hashimu, akaja na mumewe kunipa mkono, amejitanda kanga mpya. Kaichagua mwenyewe Kariakoo, hajui kaichora nani. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Nikamshika Hashimu mkono, nikamwonyesha pindo. "Hii imetoka kwenye ile mashine uliyoicheka."

Akaitazama sana. Akakiri ni nzuri. Kisha akaniambia nisije nikaiongezea memori, kuna nyingine inakuja mwezi ujao.

Wakuu, mashine ile nimeifanyia kazi miaka saba. Hashimu hajanunua ya kwanza.

Nilichojifunza: siku ya toleo jipya wanaipanga wao, kwa sababu zao. Siku ya kazi yako unaijua wewe. Kama kazi ipo mezani na mashine iliyopo inaiweza, nunua, wacheke wakichoka watakaa.

Haya, mnaosubiri shukeni hapa chini mtutajie mnamsubiri nani. Na wa kunibishia aje, leo nipo.