Jino la Juu

Mume wangu alikufa mgodini mtoto wetu akiwa bado hana jino. Kila asubuhi, katika nyumba yetu ya kambi pale Elisabethville, nilifunga kitambaa safi kidoleni, nikakichovya katika maji ya chumvi na kumfuta mtoto ufizi, kama masista walivyotufundisha siku ya kupima watoto. Ndivyo nilivyoligusa jino lake la kwanza. Lilikuwa la juu.

Kwetu, mtoto anayeanza na meno ya juu huitwa mkosi. Niliogopa kwamba mama mkwe, aliyekuja kwa treni kutoka kaskazini kwa ajili ya kilio, angesema huyu ndiye aliyemuua baba yake.

Alinikuta nikimfuta. Akanawa mikono, akaingiza kidole mdomoni mwa mtoto, akalipapasa jino.

“Baba yake pia alianza na ya juu,” akasema. “Kila muntu akifika, nilimupa mutoto ziwa haraka, mudomo usionekane. Mutoto alinenepa mpaka bakaniuliza ninamulisha nini.”

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mama mkwe akaninyooshea mkono. “Lete kitambaa, mama. Hili ni jino la mwanangu.”

Toka asubuhi hiyo tulimfuta kwa zamu, na mgeni akija hatukumficha mdomo.